Mapafu ya Gaudensi

Mume wangu Gaudensi alizikwa kwenye jeneza lililozibwa kwa gundi. Walimshusha watu wa afya waliojifunika kuanzia utosini hadi kwenye kucha, na mimi nikawekwa nyuma ya utepe nikaambiwa nilie kutoka pale. Nikalia kutoka pale. Kwa hiyo mtu akinijia na maneno ya "mwache marehemu apumzike," huwa namwambia aende makaburini akamwambie huyo waliyemfukia wao. Huyu wangu yuko kwenye kiatamizi, lile sanduku la joto la maabara, rafu ya chini. Anapumua.

Najua anapumuliwa na pampu. Nina diploma ya maabara, sihitaji kufundishwa kazi yangu.

Kituo chetu cha mapafu kiko huku juu Mufindi, kwenye misonobari na ukungu usioisha, na kilijengwa kwa ajili ya watu wa machimbo ya Lyandembo. Dunia nzima inataka betri, madini ya betri yako Lyandembo, na vumbi la Lyandembo lina kidudu chake. Kila mgonjwa anayelazwa hapa tunamtengenezea kipande. Tunachota seli chache za pafu lake, tunazipanda kwenye kioo chenye ukubwa wa kiberiti, pampu inakivuta na kukiachia, na pale ndipo dawa zote zinajaribiwa kwanza. Dawa ikiwa mbaya, imeharibu kioo, mtu kasalimika. Mgonjwa akipona, kipande chake kinachomwa. Akifa, kinachomwa vilevile. Mchomaji ni mimi, Eskolastika Kihwele, na vya watu wote nimevichoma kwa heshima, tena na kasala kadogo juu yake. Cha Gaudensi sijakichoma. Anayetaka kuita wizi aite, mimi nimechukua mume wangu.

Asubuhi nikifika, kabla hata sijavua koti, naweka kinasa sikioni. Kinasa ni kifaa cha kawaida kwetu. Seli za ulinzi zinaongea kwa kemikali, na kuzifuata kwenye grafu kutwa nzima kunaumiza macho, basi mashine inazigeuza kemikali zile kuwa sauti. Kipande cha mtu mwenye afya kina makelele, utadhani gulio. Cha Gaudensi kinavuma chini kwa chini, sauti moja nzito, inapanda kidogo, inashuka. Gaudensi alikuwa seremala wa mashimoni, anakata magogo ya kushikilia udongo, na akiwa anapiga randa alikuwa anavuma hivyohivyo kwa puani bila kujijua. Nilikuwa namwambia, "Baba, hiyo nyimbo haina maneno?" Anacheka, anaendelea.

Basi nasikiliza. Nikimaliza ndipo navua koti.

Sasa niwaambie kwa nini yeye bado yupo, maana vipande vingine havimalizi hata mwezi. Kidudu cha Lyandembo hakivunji mlango, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ndani ya pafu kuna seli tunazoziita walaji. Kazi yao ni kuzunguka na kumeza kila kichafu. Kidudu hiki kimejipaka sukari ambayo walaji wanaipenda, kinajileta chenyewe, kinamezwa kwa hiari ya mwenye nyumba. Mlaji akishakimeza anakitia kwenye kamfuko, na kamfuko kale kanatakiwa kuungana na mfuko mwingine wenye tindikali ili mgeni ayeyuke. Hapo ndipo mgeni anapoonyesha ujanja wake. Anatoa kitu kinachoizuia mifuko miwili isikutane. Anakaa katikati, anakula, anazaa. Baadaye anamziba mlaji mdomo asiite wenzake. Kisha, na hili ndilo la kustaajabisha, anamzuia asife. Maana mlaji aliyeshindwa ana desturi ya kujiua, ateketee na mwizi ndani. Huyu hamruhusu. Walaji wengine wanakuja kuwazunguka wale wagonjwa, wanajenga ngome ya duara, na ndani ya ngome ile kidudu kinalala usingizi ambao hakuna dawa yetu inayoufikia.

Kwa maneno mengine, kilichomuua mume wangu ndicho kilichoniachia kale kadogo kalikobaki. Nilikuwa nakichukia kidudu kile na nilikuwa nakilisha kwa mkono wangu.

*

Dakta Tusajigwe, mkuu wa kituo, alikuwa anajua siku zote. Nilidhani nimemficha, kumbe ananitazama tu. Siku aliyokuja kuniambia alikuja na vikombe viwili vya chai, na mimi nikaona vile vikombe nikajua kuna neno.

"Kamwene, dada Skola."

"Kamwene, Daktari."

Alinipa kikombe, akavuta kigoda, akakaa karibu na kiatamizi. Hakukiangalia.

"Ile dawa mpya imefika," alisema. "Tunaiita kifungua. Haiui kidudu. Inaondoa kile kizuizi, mifuko miwili ikutane, mlaji amalize kazi yake mwenyewe. Na inaingia mpaka ndani ya ngome."

"Ni habari njema."

"Ni njema. Lakini siwezi kumchoma mtu sindano nisiyojua itafanya nini kwenye ngome kongwe. Walaji wakiamka wote kwa pamoja wanaweza kumchoma mgonjwa pafu zima. Nahitaji kujua kiasi. Nahitaji kuijaribu kwenye kipande chenye vidudu vilivyolala siku nyingi." Akanywa chai. "Vipande vyetu vyote ni vipya, dada. Vinakufa kabla vidudu havijalala. Kipo kimoja tu."

Nikaweka kikombe chini.

"Kateni nusu," nikasema. "Mchukue nusu."

"Wewe mwenyewe unajua. Ukikata, ngome inapasuka, waliolala wanaamka, tumepoteza vyote. Na walaji wakomavu hawazai wengine."

"Basi ngojeni vipande vipya vizeeke."

"Tumengoja mwaka."

"Daktari, mimi sina mtoto," nikamwambia. "Sina hata picha aliyocheka vizuri, maana alikuwa akiona kamera anakaza uso kama anapigwa picha ya pasipoti. Nguo zake mlizichoma. Godoro mlilichoma. Hata kitana! Mnataka nini tena?"

Alikusanya vikombe vyake.

"Sikuamuru," alisema. "Ningeweza kuamuru, na nimeona nisiamuru. Wagonjwa waliomo wodini sasa hivi, dawa za zamani zinawashikilia. Hakuna wa kufa leo. Lakini atakuja atakayerudiwa na ugonjwa, na huyo sitakuwa na cha kumpa. Ufikirie."

Nilifikiria nini? Nilivaa kinasa. Alikuwa anavuma.

*

Mtu mwingine aliyejua ni Bonventura Ngonyani, fundi wa vinasa, na huyu alijua kwa sababu Bonventura hajui kubisha hodi. Yeye ni Mngoni, mimi ni Mhehe. Babu zetu waliuana vya kutosha, na wajukuu tumebaki watani; wao hutuita sisi Wahehe wala mbwa. Asiyekulia kwenye utani haelewi: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, akakunyang'anya nyama mdomoni, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Tena msibani ndiko kazi yake ilipo. Wakati ndugu wanagaragara kwa kilio, mtani anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anawafokea waombolezaji kwamba wamempikia chakula kibaya. Anaweza kujilaza mbele ya kaburi, macho kayafumba, mikono kaikunja kifuani, na hainuki mpaka apewe kuku wake. Watu wanacheka na machozi yanawatoka palepale. Kwa Gaudensi hayo hayakuwepo. Karantini haikuruhusu watani.

Bonventura aliugua msimu uleule na Gaudensi, maana yeye ndiye aliyekuwa anatumwa Lyandembo kuchota vumbi la vipimo. Yeye alipona. Kipande chake nilikichoma mwenyewe, na siku ile, Mungu anisamehe, nilikitazama kikiungua nikasema moyoni, laiti mngebadilishana.

Wiki ile Dakta alipokuja na chai, Bonventura naye akaanza.

"Kamwene, mla mbwa," anaingia asubuhi.

"Nani kamruhusu Mngoni kuingia kabla sijafungia vyombo?"

"Nimekuja kumchukua mumeo."

"Umpeleke wapi?"

"Nimmeze. Nina haja naye mimi mwenyewe, mtani. Kifua changu kimerudi."

"Kirudi kimetoka wapi? Wangoni vifua mlipewa vya kukimbilia tu, na babu yangu alikuwa shahidi."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikohoa akiegemea meza, halafu akafuta mdomo, akasema, "Sawa, bibi harusi wa kioo. Ukinisikia nimekufa usile nyama ya msiba wangu, najua utauliza ya mnyama gani." Nikamrushia glavu. Kesho yake tena: "Mtani, nipe Gaudensi, usiku silali." Nikamwambia asiyelala usiku akamuulize mkewe, hilo si la maabara. Nilifurahi, nasema kweli. Tangu mazishi kila mtu alikuwa ananisemesha kwa sauti ya chini kama nitavunjika. Yeye peke yake alikuwa ananipigia kelele.

Ijumaa saa nne nilitoka stoo na beseni la vioo nikamkuta amejilaza sakafuni mbele ya kiatamizi. Chali. Macho kayafumba, mkono mmoja juu ya kifua, miguu imeziba mlango wa rafu ya chini.

Nilisimama na beseni langu nikaanza kucheka. Jamani, nilicheka! Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Gaudensi aanze kukohoa. Nikaelewa mara moja amekuja kufanya nini. Msiba ambao haukupata mtani, leo umempata.

"Kuku hupati!" nikamwambia.

Kimya. Alikuwa fundi wa mchezo huu, hata kope hazikucheza.

"Hapati mtu hapa! Kaburi la mume wangu hulizibi kwa miguu ya namna hiyo, kwanza soksi imetoboka."

Nikamruka. Ndiyo, nilimruka. Nikaosha vioo, nikapanga, nikavaa kinasa nikamsikiliza Gaudensi nikiwa nimechuchumaa ubavuni kwa Bonventura, na nikamwambia Gaudensi kwa sauti, "Mtani wako kaja, baba, kachelewa lakini kaja." Halafu nikaenda kantini kuwaambia wenzangu. Wakaja kutazama. Mpishi akaja na mfupa wa kuku, akauweka kifuani kwa Bonventura, akasema, "Pokea haki yako, uinuke." Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga picha.

Dakta Tusajigwe alipita korido akasikia kicheko, akachungulia akitabasamu. Yeye ni Mnyakyusa, hakukulia kwenye utani wetu, labda ndiyo maana aliangalia midomo. Tabasamu lilimtoka. Alitusukuma, akapiga magoti, akaweka vidole shingoni.

"Huyu mtu haigizi!" akapiga kelele. "Leteni oksijeni! Huyu mtu haigizi!"

Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Nami nilikuwa nimemruka kwenda na kumruka kurudi.

*

Majibu yalitoka jioni ileile. Vidudu vilivyodhaniwa vimekwisha vilikuwa vimelala kwenye ngome zao pembeni mwa pafu, vikaamka, na vilivyoamka vilikuwa vimezizoea dawa zote tulizonazo. Dakta alinieleza kwenye korido amesimama, na hakuomba kitu. Hakuna haja ya kuomba palipo wazi hivyo. Ili ampe Bonventura kifungua alihitaji kujua kiasi, na kiasi kilikuwa kwenye rafu ya chini.

Nataka niseme ukweli hapa. Sikusema "chukua." Nilirudi maabara nikafunga mlango, na kwa muda mrefu nilimchukia Bonventura. Nilimchukia kwa kuugua. Nilisema, alishapona mara moja, kwa nini apewe mara mbili na wangu hakupewa hata moja? Nilikikumbatia kiatamizi, lile bati lenye joto, nikaweka shavu. Nilimtaka mume wangu. Sikutaka ushujaa wala sifa, nilitaka mtu mwenye mikono yenye harufu ya msonobari aingie aseme njaa inauma. Nilitaka awe mzima na mkubwa, na nilichokuwa nacho ni kiberiti kinachovuma, na hicho nacho wanakitaka.

Halafu nikaenda wodini, kwa sababu nilikuwa na hasira na mtu huyo na nilitaka ajue.

Alikuwa nyuma ya kioo, mashine puani. Nilibonyeza kitufe cha spika.

"Mpumbavu wewe," nikamwambia. "Mbona hukusema?"

Alifungua macho. "Umeleta kuku?"

"Bonventura!"

"Nilisema, mtani. Kila asubuhi. Nilisema kifua kimerudi. Nilisema silali."

"Ulisema kiutani!"

"Mdomo ninao huu mmoja." Akapumzika, akavuta hewa. "Ijumaa nilikuja kusema kweli. Nilijipanga kabisa, niliacha hata matusi mlangoni. Miguu ikakataa. Nikasema acha nijilaze kidogo, mtani akitoka stoo nitamwambia. Nikakusikia unacheka." Alitabasamu kidogo. "Nikasema, basi, angalau amecheka."

Nilibandika kiganja kwenye kioo.

"Usimtoe Gaudensi kwa ajili yangu," akasema. "Hili ni la kweli."

"Nitajuaje kama ni la kweli? Na wewe umejiharibia!"

Aliona kichekesho kile lakini hakuwa na pumzi ya kukicheka. Nesi akaja akanionyesha kwa ishara kwamba inatosha.

Nikawa natembea kurudi nikimfikiria Gaudensi, kwa hasira pia, maana hasira haiishii upande mmoja. Gaudensi naye hakusema. Tofauti ni kwamba yeye hakusema kabisa. Alikohoa miezi akisema ni vumbi. "Mafua tu, mama, ukungu huu." Akienda nje kukohoa ili nisisikie, na mimi kazi yangu ni kusikiliza vifua vya watu! Aliogopa kuondolewa kazini kabla hatujapaua nyumba. Siku aliyodondoka, pafu moja lilikuwa limekwisha. Ningeuza mabati yote, ningelala chini ya anga, lau angeniita mara moja tu kwa sauti. Hilo sijamsamehe. Na pale koridoni, nikiwa nimeshika ukuta, nikaona nimekuwa nikiamka kila alfajiri kwenda kusikiliza nini. Nilikuwa nasikiliza walaji waliozibwa midomo. Uvumi ule mtulivu nilioupenda, ule unaopanda kidogo na kushuka, ndio ugonjwa wenyewe. Ndivyo alivyokuwa anavuma akifa.

Nilibisha mlango wa Dakta Tusajigwe. Alikuwa hajaenda nyumbani.

"Twende," nikamwambia. "Kabla sijabadilisha mawazo."

*

Aliniuliza kama nataka afanye yeye. Nikamwambia hapana, mke wake ni mimi.

Nilikitoa kipande, nikakiweka chini ya hadubini, nikaunganisha kinasa kwenye spika ili na yeye asikie. Dakta akakaa mbele ya skrini. Nikavuta kifungua kwenye kibomba cha kudondoshea.

"Tone la kwanza," akasema.

Nikadondosha.

Hakikubadilika kitu. Alivuma vilevile. Nikaanza kutumaini, tena matumaini ya aibu, kwamba dawa haifai, kwamba nitamrudisha kwenye rafu na hakuna atakayenilaumu. Dakta akaandika, akaniashiria. Nikaongeza. Nikaongeza tena.

Uvumi ukakatika.

"Mifuko inakutana," Dakta alisema polepole. "Skola, inakutana. Angalia."

Niliweka jicho. Nimefanya kazi hii miaka, sijawahi kuona. Ndani ya walaji, vile vidudu, vijiti vidogo vilivyokuwa vimelala kwa amani katika mifuko yao, tindikali ikavifikia. Vilipinda, vikafifia, vikayeyuka kimoja baada ya kingine. Seli za mume wangu zilikuwa zinakula kilichomla. Nilisikia mtu anasema "mmeze, mmeze, mmeze," nikajua ni mimi.

Halafu zikaita.

Sijui nielezeje. Spika ililia kwa sauti kali, ya juu, ikipasuka, na juu yake nyingine, na nyingine, mpaka vioo kwenye trei vikagonganagongana. Walaji wote wa ile ngome, vinywa vyao vimefunguliwa, wanaita kwa mara ya kwanza. Mwito ule nimeusikia mara nyingi kwenye vipande vingine, ni mwito wa msaada, unaita wenzao walio kwenye damu waje. Lakini kipande hakina damu. Hakuna mtu wa kuja. Dakta alinyoosha mkono apunguze sauti na nikamshika mkono.

"Mwache aite," nikamwambia. "Alichelewa, lakini mwache aite."

Nilikaa naye. Niliinamia kile kioo nikamwambia niko hapa, Gaude, niko hapa, nasikia, na nilijua kabisa kwamba naongea na seli, na nilisema vilevile. Waliita mpaka walipoishiwa. Wakishamaliza kazi yao na hakuna anayewazuia tena, walaji wanakufa, ndiyo desturi yao. Sauti zilipungua, zikabaki chache, ikabaki moja. Kisha nikawa nasikia pampu tu, inavuta na kuachia, na nikaizima.

Dakta Tusajigwe alikuwa analia bila kujificha. Alinipa karatasi yenye kiasi: ukali wa tone la tatu, upunguzwe nusu kwa mtu mzima, polepole. Nikamwambia aende, asinisubiri. Alikimbia, nilisikia viatu vyake korido nzima.

Nilikichoma kipande mwenyewe, na sala nilisoma ndefu.

*

Bonventura alipewa kifungua asubuhi ile. Kufikia mchana joto lake lilikuwa limepanda mpaka nesi akaogopa, na Dakta akasema liacheni, hilo ndilo tunalolitaka: walaji wameita, na yeye ana damu, wenzao wanakwenda. Itachukua siku na haina uhakika. Anaweza kupona na anaweza kuungua. Aliniruhusu kuingia nikiwa nimevaa mavazi kamili, barakoa, glavu mbili, kila kitu.

Alikuwa analowa jasho, meno yanagongana. Aliponiona alinitafuta macho ndani ya plastiki.

"Amesemaje?" akauliza.

Nilielewa anamuuliza nani.

"Ameita," nikamwambia. "Amepiga kelele, Bonventura. Hujawahi kumsikia Gaudensi akipiga kelele. Alikuwa na sauti kubwa yule mtu."

Alitikisa kichwa, machozi yakamteremka kuelekea masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Nikayafuta kwa glavu. Nilimwona anakusanya midomo, nikajua lile tusi linakuja, la mbwa au la kuku, na nilikuwa tayari kabisa kulipokea, hata jibu nilikuwa nalo. Halikuja. Alinishika kidole.

"Eskolastika," akasema. Miaka yote ile hajawahi kuniita kwa jina. "Ninaumwa. Ninaumwa sana, na ninaogopa kufa."

Nikavuta kiti mpaka kikagusa kitanda.

"Haya," nikamwambia. "Inauma wapi?"

Akaanza kunionyesha.